Mzunguko Mmoja Ujerumani

Juzi nilishuka kwenye basi pale njia panda ya Mingoyo nikapokewa na harufu ya breki zilizoungua. Lori la korosho lilikuwa limesimama pembeni, magurudumu ya nyuma yakifuka moshi, na dereva wake akiyazunguka huku akiguna. Abiria wenzangu waliziba pua. Mimi nilivuta pumzi kwa nguvu, maana harufu ile kwangu ni ya Ujerumani.

Usicheke kwanza, nitakueleza.

Baba yangu alikuwa na duka la spea Lindi mjini, na alipenda magari kama wengine wanavyopenda mpira. Mjomba Hamisi, mdogo wake mama, alikuwa akifanya kazi Ujerumani kwenye kiwanda cha mikate, na kila alipokuja likizo alimletea baba magazeti ya magari. Baba hakujua Kijerumani hata neno moja. Alizitazama picha zake mpaka kurasa zikalainika kama kitambaa. Picha aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ramani ya uwanja mmoja wa mbio uliomo msituni kule Ujerumani, maarufu duniani, ambao siku zisizo na mashindano mtu yeyote hukata tiketi akaingia na gari lake la nyumbani. Ramani ile aliibandika ukutani nyuma ya kaunta. Jioni, wateja wakipungua, alipitisha kidole juu yake, kona baada ya kona, mpaka akaijua yote kwa moyo.

Nilipokuwa darasa la nne, mjomba alitualika. Kabla ya safari tulikwenda Kiranjeranje kumuaga bibi, mama yake baba. Bibi alitaka kujua hiyo barabara ya msituni inafika wapi.

"Haifiki popote, mama," baba akamjibu. "Inazunguka, inakurudisha pale pale ulipoanzia."

"Na unailipia?"

"Nailipia."

Bibi akamtazama mama kwa huruma. "Pole, mwanangu," akamwambia. "Ukamwangalie huko."

Shuleni niliwatangazia wote kwamba baba yangu anakwenda kuendesha gari kwenye uwanja wa mbio wa Wazungu. Kila jioni nilijiona nimekaa nyuma yake, miti ikipita kwa kasi na magari yote yakibaki nyuma yetu.

Ninachokikumbuka kwanza Ujerumani ni baridi, ingawa mjomba alisema ni kiangazi. Jambo lililonishangaza zaidi lilikuwa baba. Mjomba alikuwa na gari dogo jekundu, na usukani wake ulikuwa kushoto. Nilidhani baba atalidandia siku ile ile. Badala yake, kila asubuhi alimwambia mama alizoee gari lile kwenye mitaa ya pale. Mama alikuwa anajua kuendesha, pikapu ya dukani aliipeleka hata Nangurukuru, lakini kwa lazima ya kazi tu. Alizunguka mitaa ile na baibui lake, mikono imekaza usukani, akisoma dua kila alipofika kwenye taa.

"Wewe je, shemeji?" mjomba akamuuliza baba.

"Mimi siku yangu inakuja," baba akasema.

Siku yenyewe ilipofika jua lilikuwa kali. Mjomba alikata tiketi, kisha akabaki nje na kamera yake, akituambia hataki kufa akiwa bado na deni la Mungu. Baba alishika usukani, mama akakaa pembeni yake, mimi nyuma. Tukajipanga kwenye foleni ya kuingia. Mbele yetu kulikuwa na magari mapana yaliyoinama karibu na ardhi, pikipiki, na hata familia moja kwenye gari la kubebea mizigo. Injini zote zilinguruma. Na ile harufu ya breki za waliokuwa wametoka kuzunguka ilikuwa imejaa hewani kama moshi wa jikoni.

Foleni ikasogea. Baba akaachia klachi taratibu. Mzee mmoja mwenye kizibao cha njano, mfanyakazi wa pale, akaanza kuvuka kutoka kulia, akitembea polepole, mkono ameuinua kutuashiria tusimame. Baba aliendelea kwenda.

"Baba Rukia!" mama akapiga kelele.

Gari likasimama kwa kishindo, mimi nikajigonga kwenye kiti. Yule mzee alikuwa kwenye boneti, viganja vyote viwili juu yake. Hakuumia, lakini alifoka kwa Kijerumani mpaka shingo ikawa nyekundu. Baba aliinua mikono kuomba radhi. Mzee alipoondoka, baba akazima injini.

Nyuma yetu honi zikaanza kulia. Baba aliendelea kutazama mbele. Halafu akafungua mlango, akashuka, akazunguka boneti huku mkono wake ukiligusa gari, akafungua mlango wa mama.

"Hamia kule," akamwambia.

"Tunaweza kugeuza, Baba Rukia. Turudi tu."

"Tumetoka Lindi. Hamia."

Mama akahamia. Nikaona midomo yake inatetemeka, nikadhani ni kwa sababu ya kona.

Basi mama yangu ndiye aliyeingia kwenye uwanja ule. Aliwasha indiketa ya kulia kuwaruhusu watu watupite, wala hakuizima mpaka mwisho. Wote walitupita, hata lile gari la mizigo, na watoto waliokuwa ndani yake wakatupungia. Baba aliegemeza kichwa kwenye kiti, akafumba macho.

"Sasa inashuka," akasema. "Kushoto. Tena kushoto. Weka gia ya tatu. Kuna daraja, halafu inapanda."

Na kweli kulikuwa na daraja, na kweli ikapanda. Hakukosea hata mara moja. Tulipokaribia kona moja iliyojengwa kwa zege na kubonyea kama karai, akamwambia mama, "Usiogope, ingia ndani kabisa, itakushika yenyewe." Gari likadumbukia, likatetemeka lote, meno yakagongana, na baba akacheka kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia akiitoa. Mama naye akaanza kucheka, machozi yakimtoka.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimenuna. Kwa akili yangu, Mzungu mmoja alikuwa amemfokea baba, na baba akaogopa, akamwachia mama usukani, na sasa alikuwa amefumba macho kwa woga. Tulipotoka mjomba alitununulia chipsi, sikuzigusa.

"Kwa nini hukuendesha?" nikamuuliza baba.

"Mama yako ana mkono mzuri kuliko wangu," akasema, akachukua chipsi zangu, akazila.

Mama ndiye aliyeniambia ukweli, nikiwa tayari niko sekondari, wakati ambapo baba dukani alikuwa akitambua nati kwa kuzipapasa. Baba alikuwa na presha ya macho. Daktari alikuwa amemweleza kabla ya safari kwamba ataanza kupoteza uwezo wa kuona pembeni, kisha giza litasogea katikati. Ndiyo maana tulikwenda mwaka ule na si mwingine. Alimzoeza mama lile gari kama akiba, lakini alitumaini macho yatamvumilia kwa mzunguko mmoja tu. Yule mzee wa kizibao alikuja kutoka upande ambao baba hakuwa nao tena.

Baba hakushika usukani baada ya hapo, si Ujerumani, si Lindi. Maisha yake yote ya udereva yaliishia pale kwenye foleni, bado geti halijafunguliwa, honi za watu zikimlilia. Alikuwa na ramani nzima kichwani na tiketi mkononi. Angeweza kujidanganya kwamba amemwona yule mzee, akasonga mbele, na mimi ningeshangilia, kwa kuwa ndicho nilichokuwa nakitaka. Alizima injini. Kisha akamwacha binti yake amdhanie mwoga, miaka kadhaa, bila kujitetea, kwa sababu kunieleza kungekuwa kunitisha.

Mpaka leo akisimulia safari ile hasemi kwamba mama ndiye aliyeendesha. Husema, "Tuliendesha." Zamani nilikuwa nikimsahihisha.