Siku Baba Alipoitafuta Bahari Fez

Hati zetu za kusafiria zilituruhusu kwenda nchi zote duniani isipokuwa moja, na hiyo moja ndiyo Bibi aliyoitaka. Baba aliikimbia Unguja wakati wa vurugu za siasa, akapewa hifadhi London, na aliyepewa hifadhi harudi alikokimbia. Enzi zetu, sisi tuliokulia mtaa wa Walthamstow, huko huko London, katika nyumba za Wazanzibari, jambo hilo tulilichukulia kama mvua tu. Tukitoka skuli tunakwenda chuoni kusoma Kurani, tukirudi na njaa tunakuta mkate wa kumimina mezani, na Bibi, mama yake Baba, kakaa tayari kutukosoa. "Nasema Kiswahili mnanijibu Kizungu. Mgeni humu ndani mimi au nyinyi?"

Mwaka niliotimiza miaka kumi, daktari alisema presha ya macho imeshakula mwanga wa pembeni wa Bibi, na uliobaki hautadumu. Bibi hakulia. Alisema anataka kupita vichochoro vya Mji Mkongwe, kwao Unguja, mara moja tu, angali anaviona. Siku chache baadaye Baba aliona kalenda kwenye duka la nyama la Mmoroko mmoja pale sokoni, ina picha ya kichochoro cha Fez, mji wa kale wa kwao Moroko. Akaiomba, akaja nayo nyumbani kaikunja kwapani.

"Vichochoro ni vichochoro," alisema.

"Basi na dagaa ni papa," Mama akamjibu. Lakini tulikwenda, sote wanne.

Aliyetutembeza aliitwa Driss, mwembamba, kanzu ya kijivu yenye kofia mgongoni na ndara za njano. Alitupokea kwenye lango la mji wa kale saa tatu asubuhi na kutupa sharti moja: tusimpoteze. Tukaingia. Kulinuka mkate wa moto, mnanaa na samadi ya punda. Mafundi waligonga masinia ya shaba, na kila mara mtu mwenye punda alipiga kelele "Balak!", nasi tukajibana ukutani. Bibi aliweka mkono mmoja begani kwangu, na kwa mwingine akapapasa kuta, polepole, kama anayechagua kitambaa.

Kufika adhuhuri Baba alikuwa amechoka kuingizwa maduka ya mazulia. Driss alipomgeukia muuza mazulia wa tatu kumwamkia, Baba alitupigia ishara tukate kushoto.

"Mimi mtoto wa Mji Mkongwe," alisema. "Kupotea vichochoroni ni mambo ya watalii."

Mtoto wa Mji Mkongwe ana kanuni yake: ukipotea usiulize mtu, endelea kwenda, mwisho utatokea sokoni Darajani au baharini. Kila njia panda Baba alisimama, akainua pua, akasema, "Upepo unatoka huku." Tulimfuata karibu saa nzima. Kwamba Fez haina bahari, Mama alilijua tangu mwanzo. Aliniambia baadaye kwamba alitaka kuona mumewe atafika wapi.

Alifika kwa watengeneza ngozi. Mbele yetu palifunguka uwanja wa mashimo ya mviringo yaliyojaa maji mekundu, manjano na meupe, na wanaume wakikanyaga ngozi humo hadi mapajani. Harufu ya ngozi mbichi na kinyesi cha njiwa wanacholainishia ngozi ilitupiga kama kofi. Mama akaziba pua kwa mtandio.

"Baba Zuhura, bahari yako imeoza."

Baba alicheka mpaka akakaa chini. Nami nilicheka, mikono yote miwili puani, na hapo ndipo nilipogundua kwamba begani kwangu hapakuwa na mkono.

Kicheko kilikatika. Tulirudi mbio, Baba akiita "Mama! Mama!" kama mtoto. Kona ya tatu tukasikia sauti yake. Mlango ulikuwa wazi, na Bibi amekaa juu ya mto, glasi ya chai ya mnanaa mkononi, ubavuni mwa bibi wa makamo yake. Kumbe alikuwa amepiga hodi, mtu akamfungulia. Yeye akisema Kiswahili, mwenzake Kiarabu cha kwao, na wote wawili wakicheka.

Baba alianza kufoka. Bibi akamkata: "Shikamoo kwanza! Hamna adabu?" Tukamwamkia bibi wa Fez shikamoo, mmoja mmoja. Hakuelewa neno, lakini alitushika vichwa. Driss alitukuta hapo, jasho linamtiririka, amekwishauliza mtaa mzima.

Wanangu leo hawaendi hata sokoni bila kuuliza simu, ilhali harufu ya samaki ingewafikisha. Hawapotei kamwe. Na hawajawahi kufunguliwa mlango na mtu wasiyemjua.

Pasipoti za Kiingereza tunazo miaka mingi sasa, na watu wengi wa rika langu wamekwenda na kurudi Unguja hadi wamechoka kusimulia. Bibi anakaribia miaka tisini na haoni kabisa. Baba amemwomba mara mbili twende naye, na mara zote mbili amejibu kwa tabasamu: "Nendeni nyinyi. Mimi nilishakwenda, Mwanaasha akanipa chai."

Mwanaasha alikuwa jirani yake Malindi, Unguja. Baba anaamini macho yalimdanganya siku ile ya Fez. Mama anaamini anatutania. Tiketi za Agosti tunakata Jumatatu, na bado hatujui ni za watu sita au saba.