Goti la Bibi na Maseneta wa Alkhamisi

Sikufichi, ndugu yangu: nna wivu. Na wivu wenyewe si wa mtu mzima, ni wa mtoto wa miaka kumi, ingawa anayeubeba sasa anavaa miwani ya kusomea na hulalamika akipanda ngazi. Nilidhani umekufa zamani. Kumbe ulikuwa umelala tu, ukaja kuamshwa mwezi uliopita katika ukumbi mmoja wa Qurum, hapa Maskati.

Mtoto wa ami yangu alikuja kutoka Marekani kutuonesha filamu yake. Hiyo ndiyo kazi yake: filamu za kweli kuhusu wakubwa wa kule, wanavyoupata ukubwa, wanavyoupoteza, na jinsi sinema na nyimbo zao zinavyoingia majumbani mwa watu wasiowajua kabisa. Ukumbi ulijaa pomoni. Taa zikazimwa, na uso wa kwanza kutokea ukawa wake mwenyewe, akisema kwa Kiingereza chake kile cha kupendeza: "Nilipokuwa mtoto, mimi ndiye niliyekuwa nikimfasiria bibi yangu siasa za Marekani." Watu wakacheka kwa mapenzi, wakapiga makofi. Mimi nilikuwa safu ya tatu, mkoba mapajani, na neno likanitoka kabla sijalizuia: "Muongo!" Bibie aliyekaa pembeni yangu akageuka. Nikajifanya nakohoa.

Maana aliyeanza kufasiri ni mimi. Nipe sikio nikuhadithie, halafu uamue wewe.

Tulikuwa tukikaa Ruwi, ghorofa ya pili, na chini yetu kulikuwa na duka la kukodisha kanda za video. Wakati ule mapumziko ya wiki yalikuwa Alkhamisi na Ijumaa. Baba alikuwa akifanya kazi wizarani, Maskati, na kila Jumatano akirudi hupitia dukani akapanda na kanda mbili kwapani. Moja ya Kihindi, ya mama. Ya pili ya bibi, na bibi alikuwa na agizo moja tu: "Niletee za wakubwa." Basi mwenye duka alishamjua baba, akimwona tu mlangoni anamtolea marais, maseneta, mawakili na majaji, wote Wamarekani, wote wamevaa tai.

Bibi alizaliwa Unguja, akaiacha akiwa mtu mzima na masanduku mawili, na tangu siku hiyo hakumwamini tena mtu yeyote anayehutubia. Lakini kuwatazama alipenda mno. Rais akiteremka ndegeni anapunga mkono, bibi humjibu palepale, "Punga, baba, punga. Ukubwa jaa." Na mkubwa akishikwa na kashfa akaanza kupiga kelele mbele ya waandishi, bibi hutikisa kichwa: "Ukivuliwa nguo, chutama. Huyu yeye anakimbia sokoni."

Kiingereza hakujua. Maandishi ya Kiarabu yaliyopita chini ya kioo angeweza kuyasoma, lakini yalikuwa yakikimbia, na macho yake yalishachoka. Ndipo nilipoingia mimi. Alkhamisi baada ya sala ya alasiri kiyoyozi cha dirishani kinanguruma, chai ya maziwa inanuka iliki, mkate wa kumimina umeshakatwa, na mama na shangazi wamekaa chini na masinia ya mchele wanachagua. Mchele ulikuwa wa gunia la dukani, safi, lakini bibi hakuamini gunia pia. Nyumbani kwetu ilikuwa sharia: mwenye kufasiri hachagui mchele. Hukaa juu ya takia, ubavuni kwa bibi, ameegemea goti lake la kulia, na kipande cha kwanza cha mkate ni chake. Nilikuwa na miaka tisa na nilijiona waziri.

Na nilifasiri kwa haki, wallahi. Neno kwa neno. Nisilolijua nilisimamisha kanda nikatazama kamusi, bibi akasubiri. "Anasema hauungi mkono mswada." "Mswada ndo kitu gani?" "Karatasi ya sharia, bibi." "Aa. Endelea." Siku moja akatokea rais ambaye wiki iliyopita, katika kanda nyengine, alikuwa mwizi wa benki. Bibi akaja juu: "Huyu si yule mwizi? Wamempaje nchi?" Nikamweleza kuwa huyo ni mwigizaji tu, amelipwa, hapa ni rais na kule ni mwizi. Bibi akanywa chai yake, akasema, "Haya," na nikaona kabisa kuwa sikumfurahisha.

Miezi michache baadaye akaja mtoto wa ami. Mama yake alikuwa amefariki Dar es Salaam, na ami, asiyejua hata kumfunga mtoto vifungo, akamleta kwetu. Alikuja na kisanduku kimoja na nywele zilizokatwa fupi kama za mwanamume. Tulikuwa umri mmoja, mimi nimemzidi miezi tu. Kiingereza chake kilikuwa cha "good morning, teacher" na hapo mwisho. Nilimwonea huruma siku tatu nzima.

Ya nne ilikuwa Alkhamisi, na mimi nikaamka na mafindofindo, koo limefunga, sauti hakuna. Bibi akatazama huku na huku, akampigia mtoto wa ami lile takia. "Njoo wewe, mgeni. Jaribu." Akakaa. Filamu ikaanza, rais akatokea, na kwa bahati mbaya yangu alikuwa ni yuleyule mwizi wa benki. Bibi akauliza tena swali lake. Mtoto wa ami hakufikiri hata kidogo. "Ametubu, bibi."

We! Bibi alicheka mpaka sinia likamwagika. Mama akacheka, shangazi akashika mbavu, na mimi nikakaa pembeni na shuka yangu shingoni, nakusanya mchele kwenye zulia punje kwa punje.

Basi ikawa ndiyo khalas. Koo langu likapona, takia halikurudi. Kila Alkhamisi mtoto wa ami alikaa palepale na kuyamwaga asiyoyajua. Maseneta wote aliwapa koo na ukwe. Huyu na yule wameoa nyumba moja, ndo maana hawasalimiani. Yule jaji alinyonya ziwa moja na mshitakiwa, atamhukumu vipi? Bibi alikuwa akipiga paja: "Ehee! Nilijua tu! Nilimwona jicho lake!" Na mimi kule kwenye mchele, nasikia Kiingereza chenyewe kwa masikio yangu mawili, najua hakuna hata neno moja la kweli, nawashwa ndani kama niliyekula pilipili mbichi. Nilijua kuwa hana mama. Lakini mtoto mwenye wivu hahesabu hayo. Nilihesabu takia, goti na kipande cha kwanza cha mkate.

Nakumbuka zaidi filamu moja ya seneta mzee. Rais anataka kura yake, wote wameshakubali, yeye peke yake amekataa. Wakamtisha, wakambembeleza, akakataa. Siku hiyo walikuja wageni, wanawake wanne wa Kiunguja, mabuibui yao yananukia udi, na mtoto wa ami akapata jukwaa. Akawaambia kuwa rais huyu katika ujana wake alimposa dada wa seneta, akamwacha siku ya harusi, na mahari akataka arudishiwe. "Basi ndo akamwambia, kura yangu huipati hata ukifa!" Wageni wakapiga vigelegele. Sikuweza tena. Nikasimama na mchele mkononi, nikapiga kelele: "Muongo! Anakudanganyeni nyote! Hakuna dada, hakuna mahari, hajui hata Kiingereza!"

Mtoto wa ami akainamisha kichwa. Bibi hakunitazama hata. Akasema polepole, "Na wewe nani aliyekuuliza? Rudi kwenye mchele."

Mbele za watu, ndugu yangu. Nimeolewa, nimezaa, nimezika wazazi, na neno lile bado najua lilisemwa kwa sauti gani.

Kesho yake, Ijumaa asubuhi, bibi akanisuka kama kila Ijumaa. Hicho kilikuwa kitu changu peke yangu, maana nywele za mtoto wa ami zilikuwa hazijashikika, na saa hizo alikuwa bado amelala. Mafuta ya nazi yamepashwa kwenye kijiko, kitana kinavuta, kichwa changu baina ya magoti yake. Nilikuwa nimenuna sisemi. Bibi naye hakunitaka radhi, aliuliza tu, kama alivyozoea kuuliza hili na lile akisuka: "Yule mzee jana, mbona alikuwa akiitazama ile picha mezani?" Nikamjibu kwa mkato, "Ya mwanawe. Kafa vitani. Rais anataka vita vyengine." Kitana kikasimama. Kikakaa vile muda mrefu, halafu kikaendelea. Mimi nikafikiri kimekwama kwenye fundo.

Miaka ikapita kama ipitavyo. Mtoto wa ami akajifunza Kiingereza kunishinda, akapata masomo Marekani, akaenda kuishi na maseneta wake. Mimi nikapata kazi Rusayl, katika kiwanda cha mabomba, natafsiri maelezo ya mashine: usiweke mkono hapa, zima umeme kwanza. Neno kwa neno. Hakuna aliyenipigia makofi. Bibi alifariki mtoto wa ami yuko kule, na hata matangani watu walikuwa wakiulizana, "Yule mfasiri wa bibi keshaambiwa?"

Sasa, baada ya filamu pale ukumbini, mtoto wa ami alinikumbatia, akanitia mkononi kanda ya kaseti. Unakumbuka zamani simu zilikuwa taabu, watu wakijirikodi barua zao kwa sauti, na anayesafiri anazipeleka? Bibi alikuwa akimpelekea dada yake Unguja. Mtoto wa ami alipitia huko akapewa mfuko mzima, zote zimeoza isipokuwa hii. "Mimi naondoka Alkhamisi," akasema. "Tafuta mashine uisikilize, unitumie. Nataka sauti ya bibi kwenye filamu inayokuja." Hata sauti anaitaka. Nikasema inshallah.

Mashine sikuipata Ruwi wala Mutrah. Alkhamisi hiyo nikitoka kazini nikapitia Ghala, mtaa wa magereji, kwa fundi wa redio za magari, Mbaluchi mmoja mzee, akaniambia kaseti inalia mahali pamoja tu: kwenye pikapu yake mbovu nyuma ya gereji. Nikaingia nikakaa, matairi yamenizunguka, harufu ya grisi, mtu anagonga bati nje. Kanda ikakwaruza, halafu, "Assalaamu alaykum dadaangu. Watoto wako skuli, nimekaa peke yangu nachagua mchele." Na kweli, nyuma ya maneno yake nilikuwa nikiusikia, unasukumwa kwenye sinia.

Akamsalimia mmoja mmoja. Kisha akasema, "Ngoja nkuhadithie mzee mmoja wa Kimarekani." Akamhadithia ya seneta. Si ya mahari. Akamhadithia ya picha mezani, ya mwana aliyekufa vitani, ya baba aliyekataa watoto wa wenziwe wende. Maneno yangu, kama nilivyoyasema nikiwa nimenuna. "Haya nimeyapata kwa huyu wangu mkubwa," akasema. "Yeye hasemi uongo, masikini, na msema kweli hana mpenzi. Nikitaka kucheka namsikiliza mwenziwe. Nikitaka kujua namuuliza yeye." Mchele ukasukumwa tena. "Yule mdogo muongo, lakini tangu aje nyumba inacheka. Goti nimempa yeye, dadaangu, kwa kuwa hana mama. Huyu wangu mamake yupo, ataelewa akikua."

Nikalia kwenye pikapu ya watu mpaka fundi akaja kuchungulia.

Simu ikalia. Mtoto wa ami, yuko uwanja wa ndege. "Umeipata mashine? Bibi amesema nini?"

Fikiria. Miaka yote ile, na sasa neno moja tu, la kweli tupu, lingetosha: alijua kuwa unamdanganya, na lile goti ulipewa kwa huruma. Nililiona likiwa tayari mdomoni. Nikasema, "Mashine imeitafuna kanda, nimesikia kidogo tu. Amesema tangu uje nyumba inacheka."

"Basi?" akasema.

"Na amemhadithia dada yake ile ya seneta. Ya mahari, kama ulivyoisema wewe."

Nikamsikia anacheka na kulia pamoja. "Wallahi?" akauliza. Nikamwambia ende, ndege itamwacha.

Nilimfanyia wema, nilijiambia. Lakini nishasema sikufichi. Kanda haikutafunwa. Ni nzima, na siitoi.

Lile duka la Ruwi siku hizi linauza vifuniko vya simu. Mapumziko yamehamia Ijumaa na Jumamosi. Wanangu wanawatazama wakubwa wa Marekani kila mmoja na kioo chake, visikizi masikioni, wanaelewa kila neno, na hakuna anayemwuliza mwenziwe kitu. Mchele wa kuchagua hakuna.

Ila kila Alkhamisi nikitoka Rusayl nakata kona Ghala. Fundi keshanizoea, hunifungulia pikapu akaniwekea gilasi ya chai kwenye dashibodi, akaondoka. Mtoto wa ami ananiandikia: jaribu fundi mwengine, huenda ikatengenezeka. Namjibu kuwa najaribu. Kisha naitia ile kanda, nafunga kioo cha mlango, bibi anachagua mchele wake, na hakuna mwengine aliyekaa hapa.