Nyonga Hadi Goti

Wiki mbili zilizopita, mpimaji wa altrasaundi alimwambia binti wa fundi cherehani kwamba mfupa wa paja la mtoto tumboni ulikuwa mfupi kuliko ilivyotarajiwa kwa umri wa mimba. Warudi apime tena. Tangu hapo fundi hakupata usingizi. Jana usiku alifunua daftari lake la vipimo vya nguo. Binti yake na mkwewe, wote wawili wafupi kutoka nyonga hadi goti!

Asubuhi alimwonyesha mpimaji daftari hilo mlangoni pa chumba cha kipimo. "Mwanangu, tazama. Ndivyo walivyo."

"Nimekuelewa, mama. Lakini lazima nione kama mfupa umekua."

Binti akaingia, mlango ukafungwa. Fundi akakaa na mkwewe kwenye benchi, akiukunja na kuukunjua utepe wake wa kupimia.

"Mama, kumbe vipimo vyangu unavitembeza?"

"Nilipokukatia suti ya harusi nilikucheka, baba. Leo naiombea hiyo miguu yako."

Mlango ukafunguliwa. Binti alitoka akicheka huku machozi yanamtoka. "Umekua, mama! Mfupi kama sisi, lakini umekua vizuri!"