Neno la Siri Nisilolitamka

Kwanza tuelewane: jina la baba mkwe wangu sitalitaja hapa. Sikulitaja nilipokuwa mke wa mwanawe, na leo silitaji. Kwetu Nangwa tunalima mahindi, Jumapili tunakwenda kanisani, na mkwe unamwita unavyojua ilimradi una adabu. Lakini mimi niliolewa kwa wafugaji, kule tambarare chini ya mlima, na wiki ya kwanza tu mama mkwe alinikalisha kwenye kigoda akanifundisha kwamba mke hatamki jina la baba wa mumewe. Hata neno la kawaida linalofanana nalo unaliruka, unatafuta lingine. Nilizoea.

Nilichoshindwa kuzoea ni simu yangu kuwa ya watu wote. Pale bomani simu ilikuwa kama kibuyu cha maziwa, kila anayepita anaichukua. Mawifi wanaangalia picha. Mume wangu akirudi kutoka machimboni anasoma meseji moja baada ya nyingine: huyu nani, na huyu je? Simu yangu ya kwanza aliipasua kwenye jiwe kwa sababu mwalimu wangu wa zamani aliniandikia "hongera". Nilikuwa nimerudia mtihani wa baiolojia nikafaulu, basi. Hongera tu, jamani!

Rafiki yangu niliyesoma naye, aliyekuwa akiishi Babati, ndiye aliyeniwekea programu ya meseji yenye kufuli lake. Hata mtu akishika simu, bila neno la siri haoni kitu, na akikosea mara kumi programu inafuta kila kilichomo, haina huruma. Akaniambia nichague neno ambalo hakuna atakayedhani ni langu. Sikufikiri sana. Nikaandika jina la baba mkwe. Nani angenidhania? Kidole hakina sauti, nilijiambia, nikacheka peke yangu jikoni mpaka moshi ukanipalia.

Humo ndimo tulimopangia mambo ya chuo cha uuguzi. Mimi nampigia picha vyeti, yeye ananijazia fomu mtandaoni. Jumatatu moja nilipanda kichuguu, maana mtandao ulipatikana pale tu, nikakuta rafiki yangu amenitumia humo barua ya chuo: nimechaguliwa. Chini yake namba ya kuthibitisha, ya kurudishwa chuoni kwa meseji pamoja na neno nakubali, na onyo kwamba mwisho ni Ijumaa saa sita mchana, baada ya hapo nafasi anapewa mwingine. Mwenyewe akaongeza kwamba anakwenda kijijini kusiko na mtandao, nithibitishe mwenyewe. Nikajipa siku moja ya kufikiri. Ujinga wangu huo! Nilikuwa naogopa, sasa ningesemaje.

Jumanne simu ikatumbukia kwenye birika la kunyweshea ng'ombe. Nilikuwa nimesikia kwamba simu iliyolowa inazikwa kwenye mchele. Mchele nitautoa wapi mimi? Nikaizika kwenye pumba za mahindi. Alhamisi nilipoitoa, tundu la chaji lilikuwa limejaa pumba, na kioo kikawa kinajibofya chenyewe. Nafungua programu, kabla sijagusa herufi kimeshaandika takataka na kuzituma. Umekosea, zimebaki tisa. Umekosea, zimebaki nane. Mama yangu! Nikapapasa huku na huku mpaka nikachomoa betri. Zilikuwa zimebaki mbili.

Ijumaa asubuhi nilimwambia baba mkwe nataka kwenda mjini Katesh kwa fundi simu. Akasema na yeye anakwenda kununua dawa ya kupe, twende wote. Utamkataliaje mkwe? Njia nzima nilikuwa nahesabu saa kwa jua. Lori tulilopanda lilisimama kila mahali, kupakia magunia, kushusha mbuzi, na mzee kila akiona mtu anataka kuulizana naye habari za ukoo mzima. Nilitamani kushuka nisukume.

Tulifika kwa fundi saa tano. Alikuwa mtu mzima mwenye miwani, amekaa nyuma ya wavu wa chuma, na hakuna mteja aliyeruhusiwa kuingia. Baba mkwe akakaa kwenye benchi nyuma yangu, fimbo katikati ya magoti.

"Nikuflashie?" fundi akauliza. Hilo ndilo jibu la mafundi wote: kufuta kila kitu simu ianze upya.

"Ukiflashi umeniua," nikamwambia. "Kilichomo ndani ndicho ninachokitaka."

Basi akasugua tundu la chaji kwa mswaki, akafungua simu, akachomoa waya wa tachi ili kioo kiache wazimu, akaunganisha kibodi ya kompyuta. Kazi safi, sikatai. Ila alikuwa na ugonjwa mmoja: kila anachokisoma lazima akitamke. "Zimebaki mbili," akatangaza. "Dada, paswedi. Sema nichape."

Nikachungulia nyuma. Shingo ilikuwa imeniwaka moto kwa yule aliyekaa nyuma yangu.

"Dada, sema. Sina siku nzima."

Na mimi je, ninayo? Saa yake ya ukutani ilisema tano na nusu. Liwalo na liwe. Nikaomba kalamu, nikaandika kwenye mfuniko wa boksi, nikaupitisha chini ya wavu. "Usome kimoyomoyo," nikamnong'oneza.

"Ondoa shaka," akasema. Kisha akalisoma lote, kwa sauti ya mtu anayeita mifugo.

"Naam!" akaitika baba mkwe.

Nilitamani ardhi ipasuke. Fundi wala hakuelewa. Alishachapa, programu ikafunguka, na kwa furaha akaendelea kusoma: "Tunafurahi kukujulisha kwamba umechaguliwa kujiunga na mafunzo ya uuguzi..."

"Nyamaza wewe!" nikamkemea. Alikuwa ameshachelewa.

Baba mkwe akasimama. "Nani ameniita?"

"Hakuna aliyekuita, mzee. Ni paswedi ya dada," fundi akamwonyesha mfuniko.

Mzee hakusoma shule, lakini jina lake alilijua kwa macho. Akautazama ule mfuniko muda mrefu. "Umelitamka?" akaniuliza.

"Hapana, baba. Niliandika tu."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka jana."

Akaielekezea simu fimbo yake. "Na hiyo barua inataka nini?"

"Inataka nijibu kabla ya saa sita kama nakubali."

"Kuandika siyo kutamka," akasema, kama mtu anayetoa hukumu kwenye kikao. "Haya, wajibu hao watu."

Nikamwambia fundi aandike nakubali, pamoja na ile namba. Akaandika, na bila shaka akatamka kila herufi. Ujumbe ukaenda chuoni.

Nje, mzee alisimama mbele ya duka la dawa za mifugo bila kuingia. "Leo usirudi nyumbani," akasema. "Nenda Nangwa kwa mama yako. Mume wako nitamwambia mimi. Wewe ukimwambia, atakupiga tena."

Tena? Habari za kupigwa sikuwahi kumwambia mtu. Sikumwambia mama yangu. Sikumwandikia hata rafiki yangu wa Babati, ndani ya ile programu yenye kufuli.

"Baba, ulijua?"

"Nyumba zetu ni za miti," akasema. "Nasikia."

Miaka minne ya ndoa. Alikuwa analala hatua ishirini kutoka mlangoni kwangu, anasikia kila kitu, na asubuhi nikimpa shikamoo ananiitikia marahaba. Nilitaka kumshukuru, na papo hapo nilitaka kumtupia ile simu usoni. Nikamwuliza kwa nini hakusema neno.

Akaangalia chini. "Sikujua kama una pa kwenda."

"Nangwa ni hapo tu, baba, na ulikujua siku zote!" nikapiga kelele, na watu wote wa dukani wakageuka.