Mfumo wa Kompyuta za Magamba

Shangazi yangu si mtu wa kuomba omba. Ndiyo maana aliponipigia simu akasema wanataka kugeuza chumba chake cha kompyuta kiwe ghala la mahindi, nilifunga kibanda changu cha ufundi wa simu pale Kashaulili, mjini Mpanda, mchana kweupe, nikapanda bodaboda hadi Magamba. Wenye simu zao wangenisubiri. Mimi nikikasirika siwezi kukaa.

Shangazi ndiye aliyenifundisha kompyuta. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na alipostaafu akapewa chumba kimoja cha kata pamoja na kompyuta chakavu zilizoletwa na wafadhili. Akaanza kufundisha vijana waliomaliza shule, na wakulima waliochoka kuandikiwa mambo yao na watu wengine. Sasa kompyuta zilikuwa zimegoma. Mfumo uliokuwemo ulizeeka, waliouleta hawauhudumii tena, na kila ukiwasha mashine yanatokea maneno ya Kiingereza yanayokuambia uwasiliane na msimamizi wako.

"Huyo msimamizi ni nani?" shangazi aliniuliza. "Maana nimeshapigia kila mtu."

Wafadhili waliondoka zamani na simu yao haipatikani. Mwenyekiti wa kamati ya kata yenye chumba, mzee mnyoofu asiyependa maneno mengi, alikuwa amesema wazi kwamba mahindi yakishavunwa na mashine hazijafanya kazi, chumba kitapokea magunia. Kusema kweli sikumlaumu. Mahindi yakilala nje panya wakayashambulia, watu watakula nini? Lakini nilimwona shangazi anafuta vumbi kwenye kompyuta ambazo hazifanyi kazi, tena anafuta taratibu kama kila siku, na roho ikaniuma. Nikamwambia hakuna gunia litakaloingia humu ndani. Mdomo wangu ndivyo ulivyo. Unatangulia, halafu mimi nahangaika kuufuata.

Nikawatafuta watu wawili. Mmoja fundi wa redio na kompyuta wa Nsemulwa, hapo hapo mjini, kijana mwenye maneno yote ya Dar ingawa Dar yenyewe anaisikia redioni. Mwingine mwalimu wa hesabu wa sekondari, mzaliwa wa Katumba, wazazi wake walitoka Burundi. Huyo ni mpole, lakini akishika jambo haachii. Tukakaa kibandani kwangu na chupa ya chai, tukapanga.

Tulikubaliana tutumie Linux, kwa sababu ni mfumo ambao mtu yeyote anaruhusiwa kuuchukua, kuubadilisha na kuwagawia wengine. Fundi akasema basi tuchukue ile iliyo tayari, tuiweke, tumalize, tukalale. Tuliijaribu. Mashine moja ya shangazi, niliyokuwa nimeibeba, ilikoroma kama mashine ya kusaga, ikaganda, na ilipoamka ikataka intaneti ijisasishe, ikala bando lote kabla hatujamaliza chai. Tena kila kitu Kiingereza. Hapo ndipo tulipoamua kutengeneza toleo letu wenyewe juu ya ile iliyopo. Tungechagua msingi wa zamani kidogo ulio imara, tuupunguze uzito, tuuvike Kiswahili, na masasisho niyapakue mimi mjini yapelekwe Magamba kwa flashi. Na yeyote wa mkoa huu mwenye kompyuta kuukuu angepewa bure. Fundi alitaka tuanze na jina, tena la Kizungu lenye mvuto. Nikamwambia mtoto hajazaliwa, jina la nini.

Sasa kosa lenyewe. Sisi wote watatu ni watoto wa wakulima, na kazi tuliigawa kama tunavyogawa shamba la urithi, kila mtu na kipande chake. Mimi nilichukua programu, yaani nini kibaki na nini kiondoke. Fundi alichukua vile vinavyoifanya kompyuta itambue vifaa vyake. Mwalimu alichukua lugha na sura ya kioo. Na huku kwetu shamba likishagawanywa, huingii kwenye kipande cha mwenzio hata kama unaona magugu. Utaonekana una lako jambo. Kwa hiyo wiki nzima hakuna aliyechungulia kazi ya mwenzake. Tulikuwa tunasalimiana vizuri, tunaulizana habari za nyumbani, basi.

Tulipounganisha kazi na kuiwasha, kioo kikawa cheusi. Hakuna neno, hakuna picha. Tukahangaika hadi tukagundua kwamba kile kinacholeta picha kwenye kioo mimi nilikiondoa nikijua fundi atakirudisha, fundi alijua ni cha mwalimu kwa kuwa kinahusu kioo, naye mwalimu alijua ni kifaa, kwa hiyo cha fundi. Niliwaka. Niliwaambia maneno ambayo siyarudii hapa. Fundi akachukua begi lake akaondoka, na mahindi ya Magamba yalikuwa yameshaanza kuvunjwa.

Kesho yake ilikuwa zamu ya shangazi kuvuniwa mpunga, na mpwa hawezi kukosa. Kwenye ukoo wetu, watu wa Mpimbwe, tunavuna kwa kuzungukiana. Leo wote kwa huyu, mkimaliza mnahamia kwa yule. Niliinama na mundu nikiwa bado nina hasira, majirani kulia na kushoto wakinitania kwamba mtu wa mjini anakata mpunga kama ananyoa mtu. Mama mmoja akapitiliza mashina fulani, mwenzake wa nyuma akayakata bila kusema kitu. Nikasimama. Humu hamkuwa na cha huyu wala cha yule. Kila jicho lilikuwa kwenye jaruba moja. Nikamwuliza shangazi kama naweza kuondoka, akasema nimalize kwanza mstari wangu.

Nilimaliza. Kisha nikaenda Nsemulwa nikamwomba fundi radhi, jambo ambalo kwangu ni gumu kuliko kuvuna. Nikamweleza yeye na mwalimu kwamba hatugawani tena. Wote watatu tunaingia kwenye programu, tukitoka hapo wote kwenye vifaa, tukitoka hapo wote kwenye lugha. Na safari hii tungefanyia kazi Magamba kwenyewe, shangazi akiwa katikati yetu. Fundi alinuna kidogo, akauliza kama na matusi yangu nayo tutayafanya kwa zamu. Akaja.

Shangazi hakukaa kutazama tu. Aliuliza kila kitu, akakataa maneno ya Kiswahili ambayo hayaeleweki, akajifunza kuweka mfumo kwenye mashine moja baada ya nyingine kwa mkono wake. Akikosea anaanza upya bila kuguna. Mwalimu alisema angetamani wanafunzi wake wawe hivyo.

Mwenyekiti alifika asubuhi baada ya mashine ya mwisho kuwekwa mfumo, na mkokoteni wa magunia nyuma yake. Hakutuficha, alikuja kupakua. Shangazi akawasha kompyuta zote. Zilichukua muda, halafu kioo kimoja kikaangaza, kikafuata kingine, vyote vikisema karibu kwa Kiswahili. Mwenyekiti akazunguka chumba, akasoma kwa sauti ya chini, akakaa, akaandika jina lake kwa kidole kimoja. Hakutabasamu.

"Hata zilipoletwa ziliwaka," alisema. "Zikigoma tena tumpigie nani?"

Nilifungua mdomo, huu wangu unaotangulia siku zote. Safari hii nilichelewa.

"Msimamizi ni mimi," shangazi alisema. "Nikishindwa, hawa watatu wako hapo Mpanda. Nawajua hadi kwa mama zao."

Mwenyekiti akainuka. Kisha akatoka nje, na tukamsikia akiwaambia wenye mkokoteni wageuze, mahindi yapelekwe nyumbani kwake, chumba cha wageni kipo wazi. Mimi machozi yalinitoka, siwezi kudanganya. Shangazi alikuwa ameshavuta kiti mbele ya kompyuta ya kwanza, na akaniambia nisogee, namzibia mwanga.