Mama Aliyebaki kwenye Simu

Juzi nikiwa kwa fundi wa simu pale Lubao, msichana anayesoma chuo cha Bukura alileta simu iliyoanguka kwenye ndoo ya maji.

"Hii imekufa, dada," fundi akasema. "Ulikuwa umehifadhi vitu kwa akaunti?"

"Mimi nahifadhinga kila Jumapili."

Akaandika nywila yake kwenye simu mpya aliyoinunua hapo bila kusita. Picha za mama yake zikarudi zote. Akampigia papo hapo: "Mama, bado uko kwenye simu!" Wakacheka.

Nilimwonea wivu. Simu yangu ilikufa na sauti ya marehemu mama niliyokuwa nimeirekodi. Akaunti nilifunguliwa na aliyeniuzia simu, nywila akaijua yeye tu, na alishahama.

Wasomaji, mkinunua simu, nywila chagueni wenyewe. Yule msichana ana mama wawili, mmoja nyumbani na mmoja kwenye akaunti. Mimi sina hata mmoja.