Kura ya Presha ya Oili

Oili iliyopikwa ndani ya injini mpaka ikachoka hunuka kama karanga zilizoungua, na hiyo ndiyo ilikuwa harufu ya baba yangu. Ilikaa kwenye kanzu yake ya Ijumaa, kwenye mto wa kitanda, hata kwenye ugali akiumega yeye. Baba alikuwa dereva wa lori la kijiji chetu cha ujamaa, njia ya kwenda Kipatimu, na kwa kuwa hapakuwa na lori jingine, alitembea kama mtu aliyelizaa. Lilikuwa kuukuu, limekwishachosha wenyewe wawili watatu kabla ya kufikishwa kwetu na kupigwa rangi ya kijani juu ya kutu. Lakini lilibeba korosho, lilileta chumvi na sabuni, na zaidi ya yote liliwapeleka wagonjwa na wajawazito hospitali ya misheni. Mwaka ule mama yangu alikuwa mjamzito, na mimi, binti yake wa pekee, nilikuwa nikihesabu nguo za mtoto kabla hata hazijashonwa.

Kiangazi kilipokuwa kinaishia, baba alianza kurudi nyumbani kimya. Mshale wa presha ya oili, alimwambia mama, ulisimama vizuri asubuhi injini ikiwa baridi, lakini ikishapata moto ulilala chini kabisa. Aliongeza oili, kijiti cha kupimia kilionyesha imejaa, mshale ukaendelea kulala. Mama akamwambia amwite fundi Kasiani. Baba hakutaka, kwa sababu Kasiani, Mmakonde aliyekuwa akitengeneza mashine ya kusaga ya misheni, alikuwa na mdomo mchafu kuliko mikono yake na alikuwa akijisifu mpaka watu wanahama kivuli. Mwishowe alimwita.

Kasiani alikuja na geji yake mwenyewe ameifunga kwenye kitambaa. Aliifungua ile ya lori, akafunga yake mahali pale pale, akamwambia baba awashe na aache injini iungurume mpaka ipate moto. Tulisimama pembeni tukitazama. Mshale wa geji yake nao ukashuka taratibu, ukalala. "Geji yenu haisemi uongo," alisema. "Ndiyo kitu pekee hapa kijijini kisichosema uongo." Kisha akaimwaga oili, akafungua bakuli la chini ya injini na kulichungulia chujio la pampu. Lilikuwa safi. Pampu nayo aliifungua, akaigeuzageuza, akairudisha bila kuitukana, na kwake hiyo ilikuwa sifa kubwa. Halafu akachota oili kwa vidole, akaisugua juani, na tukaona inameremeta kama imemwagiwa unga wa shaba. "Hizi ni beringi zenu. Zimelika. Oili inavujia kwenye nafasi zilizolika, haifiki kule juu. Lisitembee mpaka zije beringi mpya kutoka Dar es Salaam. Likitembea, litavunjika, na mimi nisiitwe kuja kulia msibani."

Habari hiyo ilimkera Mwenyekiti Mbonde. Kulikuwa na mgeni mkubwa anakuja Kilwa Masoko, na Mwenyekiti alikwisha kuahidi kwamba kijiji chake kitafika na ngoma, watoto wa shule na bendera, juu ya lori lake la kijani. Alikuwa mtu mnene wa sauti, mwembamba wa kila kitu kingine. Jembe alilishika siku za kupigwa picha tu. Alimwuliza Kasiani mbele ya watu, "Injini imezungumza na wewe?"

"Ingezungumza," Kasiani alijibu, "ingeanza kwa kukutukana wewe."

Basi Mwenyekiti akaitisha mkutano. Sijapata kuona upuuzi mwingine kama ule, nami nimeishi miaka mingi na kuona mengi. Watu wazima, wenye ndevu na wajukuu, walikaa chini kupigia kura presha ya oili. Mwenyekiti alieleza kwamba kuna kupe wasiopenda kijiji kiendelee, kwamba lori ni mali ya wananchi, na wananchi ndio wenye kauli juu ya mali yao. "Wanaosema lori ni zima, wanyooshe mikono." Mikono ikapanda kama magugu baada ya mvua. Nilimtafuta baba. Alikuwa mstari wa mbele, amekaa kitako kama mwanafunzi mwema, na mkono wake ulikuwa juu, kucha zikiwa bado nyeusi kwa ile oili yenye unga wa shaba. Mama, tumbo limemjaa mapajani, alimtazama mpaka mikono yote iliposhuka.

Kesho yake, bakuli likiwa limefungwa na oili imetiwa tena, tulipakiwa, watoto wa shule na ngoma zetu, tukifundishwa wimbo wa kumsifu mgeni tusiyemjua. Kwenye kilima cha kwanza injini ilianza kugonga, ko, ko, ko, kama mtu anayebisha hodi. Baba akapunguza mwendo. "Kanyaga!" Mwenyekiti alifoka humo kibandani, ubavuni mwake. Baba akakanyaga. Ulitoka mlio ambao nilidhani ni bunduki, lori likatetemeka, likasimama, na oili ikamwagika barabarani kupitia tundu kubwa ubavuni mwa injini. Mwenyekiti alishuka, akaepusha viatu vyake, akasimamisha gari la mfanyabiashara na kwenda kumpokea mgeni. Sisi tulirudi kwa miguu na ngoma zetu kichwani. Huko Kilwa alisema Kasiani amehujumu lori, na watu waliokuwa wamenyoosha mikono wakaanza kukumbuka kwamba walimwona Kasiani akifungua vitu.

Mvua zilianza, na uchungu ukamshika mama. Wanaume walimbeba kwa kitanda kwenye tope, baba akiwa ameshika mguu wa mbele wa kitanda, na kabla ya kufika misheni mtoto alizaliwa njiani. Alikuwa mvulana. Hakulia. Kasiani, aliyewakuta njiani, ndiye aliyevua shati kumfunika. Tangu siku ile mama hakumwita tena baba "baba Zuhura", kwa jina langu. Alimwita "dereva". "Dereva, chakula tayari." "Dereva, wageni wanakungoja." Kijijini hapakuwa tena na gari hata moja, na baba aliitika jina hilo mpaka alipokufa. Nilitarajia siku moja ningemwonea huruma. Haikuja.

Leo barabara ile imechongwa, pikipiki zinapanda kilima kile zikiwa na watu watatu, na wajawazito wanalala kwenye zahanati ya hapo hapo. Mwaka jana nilikwenda na mama kwenye hitma ya Mwenyekiti Mbonde, aliyekufa kitandani mwake, mzee sana, amezungukwa na wajukuu. Vijana wasiojua hata sauti yake walisimama mmoja mmoja kumsifu: mwasisi, mpenda watu, mtu aliyetuletea lori la kwanza. Pilau ilikuwa ikinukia nyuma ya nyumba, na sahani zilikuwa bado hazijaanza kupita. Mama alishika bega langu, akajiinua kwa taabu katikati ya hotuba, kila mtu akimwona.

"Twende zetu, mwanangu," alisema. "Mimi nimeshashiba."